Krismasi ya Castleton

Zipu ya begi langu ilikatika kwenye kituo cha treni cha Sheffield, tarehe 24 Desemba, saa tano asubuhi, watu wakipishana na zawadi mikononi. Mdogo wangu alilitazama begi, akanitazama na mimi. "Dada, blanketi la nini tena? Si tunakwenda hotelini?" Sikumjibu. Nilikuwa na siku tisa Uingereza, na katika siku hizo tisa sikuwa nimepata joto hata mara moja. Nisingeweza kuikabidhi hoteli ya kijijini, nisiyoijua, kazi ya kunifunika. Tukalifunga begi kwa mtandio wangu wa akiba, tukapanda treni.

Mdogo wangu ni muuguzi. Ana miaka mitano katika hospitali yake, na kila Krismasi yuko zamu kwa hiari yake: wenzake Wakristo wanapumzika, halafu Idi ikifika wao ndio wanamshikia zamu. Mkataba huo haujaandikwa popote na haujavunjwa hata mara moja. Safari hii waliposikia kwamba dada yake amekuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kuvuka bahari, wakamkataza katakata kufanya kazi. Zawadi ikawa tatizo. Tarehe 25 Uingereza inafungwa. Treni hakuna nchi nzima, mabasi ni ya kutafuta, na maduka makubwa yanazuiwa na sheria ya bunge ya mwaka 2004 yasifungue milango siku hiyo. "Tutakaa chumbani kwangu tutazamane," aliniambia. Chumba chake ni kimoja na dirisha lake linatazama ukuta. Ndipo akatafuta hoteli ndogo katika kijiji cha Castleton, jimbo la Derbyshire, usiku tatu. Bei sitaitaja, mama yetu husomewa kila ninachoandika.

Kutoka Sheffield treni haikai sana kabla ya kuingia ardhini. Njia ya chini ya Totley ina urefu wa zaidi ya kilomita 5, imechimbwa tumboni mwa mlima, giza tupu, na masikio yanaziba. Mdogo wangu alisoma kwenye simu kwamba ilikamilika mwaka 1893. Mwaka huo huwa siusahau, kwa sababu nawafundisha watoto wa darasa la sita: 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge pwani ya Tanga. Nikawaza juu ya hilo gizani, bila sababu yoyote ya maana, na ghafla tukatoka kwenye mwanga, upande wa pili, ambako hakuna mji tena. Vilima vya kijani, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo wamesimama kwenye manyunyu kana kwamba hawaoni mvua.

Tulishuka kituo kinachoitwa Hope. Nilidhani ni Tumaini, kama zahanati zetu. Kumbe kwa Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya bonde lililofungika. Na kitu cha kwanza nilichokiona katika bonde hilo la Waingereza, linalochapwa kwenye kalenda, ni bomba refu la kiwanda cha saruji. Nilicheka peke yangu. Mtu wa Tanga anasafiri maelfu ya kilomita, anateremka, anaikuta Pongwe yetu, na kiwanda chake cha saruji. Na sababu ni ileile: jiwe la chokaa. Penye chokaa pana saruji, na penye chokaa pana mapango, kama ya kwetu Amboni. Castleton ina mapango manne yanayotembelewa na wageni, na katika kilima kimoja cha hapo hutoka jiwe la rangi ya zambarau na manjano liitwalo Blue John, ambalo halichimbwi kwingine, kama ilivyo tanzanaiti na Mererani.

Mume wa mwenye hoteli alikuja kutupokea kwa gari lililojaa manyoya ya mbwa. Hapo tayari nilianza kujikunja.

Hoteli yenyewe ni nyumba ya mawe ya zamani, dari chini, boriti nyeusi za mbao zinazokugonga paji la uso usipoangalia. Vyumba tisa. Sakafu ya chumba chetu ilikuwa imeinama upande wa dirisha. Kalamu uliyoiweka mezani iliondoka yenyewe. Palikuwa na birika la umeme, vikombe viwili, majani ya chai kwenye vipakiti, biskuti nne, na bafuni bomba mbili zilizotengana: moja inatoa maji ya kuchemka, nyingine maji ya barafu, na wewe uko katikati na viganja vyako. Nilimuuliza mdogo wangu jinsi wenyewe wanavyonawa. Akasema, "Haraka." Chuma cha kupashia joto ukutani kilikuwa cha moto hadi saa nne usiku, kisha kikazimwa na saa iliyofichwa mahali. Saa nane usiku nilimsikia mdogo wangu akiita polepole kutoka kitanda cha pili. "Dada. Lile blanketi." Nikamtupia ncha.

Jioni ya kwanza tulikaa baa, kwa kuwa hapakuwa na pengine palipokuwa na moto. Tuliagiza chai. Nimezoea kuiona baa kwa mbali na kuharakisha hatua, lakini baa hii ilikuwa sebule: bibi wanafuma, mtoto analala kwenye benchi, mbwa wawili wamejinyoosha mbele ya kuni. Mmoja, mweusi na mweupe, aliamua kwamba mguu wangu ni mto. Nikauvuta. Akaufuata. Mwenye hoteli aliona, akamwita mbwa kwa jina, akanihamishia kiti upande wa dirisha bila kuuliza chochote. Mama huyo ana miaka sitini hivi, kifua mbele, na kama watu wengi wa Derbyshire anamwita kila mtu "bata". Ndiyo, bata, yule wa kwenye bwawa. "Umefika salama, bata? Chai yako ina sukari, bata?" Siku ya pili niliacha kushtuka. Siku ya tatu ningesikitika asiponiita.

Saa mbili usiku watu walianza kuimba. Hakuna aliyetangaza. Mzee mmoja alitoa sauti nzito, mwingine akaipokea, na kufumba na kufumbua baa nzima ilikuwa imegawanyika: hawa wanatangulia, wale wanajibu, wanawake wanaruka juu yao. Mdogo wangu, ambaye amejifunza habari za watu hawa kwa kukaa nao usiku wodini, alinieleza kwamba vijiji vya upande huu vina nyimbo zao za Krismasi ambazo zamani zilitolewa makanisani, wakubwa wa kanisa wakiziona zina kelele mno. Wanakijiji hawakuziacha, walizihamishia baa. Wimbo mmoja wa wachungaji na kondoo waliuimba mara tatu kwa maghani matatu tofauti, maneno yaleyale. Mimi si mtu wa Krismasi, lakini nimekulia kwenye maulidi, na najua inavyokuwa watu wanapoimba kitu walichokipata kwa babu zao na si kwa karatasi. Mabega yanajua pa kwenda. Nilijikuta natikisika kidogo, kushoto, kulia. Mdogo wangu aliniona, akatazama pembeni kwa adabu.

Tarehe 25 yenyewe ilianza kwa kimya. Kwetu, asubuhi ya Idi huwezi kusikia unachofikiri: takbira, watoto wenye viatu vipya wanaolia, jirani anayepiga hodi na sahani ya vitumbua kabla hujaoga. Nilisimama dirishani saa mbili na nusu asubuhi, ndipo jua lilipokuwa linatoka, nikatazama barabara nzima ya kijiji. Miti midogo ya Krismasi imefungwa juu ya milango ya maduka, taa zinawaka, na mtu hakuna. Hata paka. Nilisubiri robo saa nimwone binadamu. Akapita mmoja, na mbwa. Sherehe kubwa kuliko zote katika nchi hiyo, na nchi imeingia ndani ikafunga mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: basi hawa walioko hotelini ni akina nani? Maana mwenye mlango wake yuko nyuma yake.

Chumba cha kulia asubuhi kilikuwa kama chumba cha mtihani. Watu kumi na wanne, kila meza inanong'ona, vijiko vinalia kwenye vikombe. Mhudumu, kijana wa kike kutoka Poland, alileta sahani zenye mayai, maharage ya kopo, uyoga, nyanya ya kukaangwa, na vile vitu ambavyo mwenye hoteli alishaambiwa visitufikie: kitimoto cha aina mbili, na soseji nyeusi ya damu. Sahani zetu zilikuja safi, na kikaratasi kando kilichoandikwa kwa mkono kwamba kikaango kilikuwa cha peke yake. Nimekaa mahali ambapo watu wa dini yangu hawakunifikiria hivyo.

Kwa kutazama na kusikiliza nikaanza kuwajua. Kina dada wawili wazee ambao hawakuwahi kuolewa na wamechoka kupika bata mzinga wa watu wawili. Bwana mmoja wa makamo na mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi. Kila mwaka wanabadilishana Krismasi na mama wa mtoto, na mwaka huu zamu ilikuwa ya baba, naye hajui kupika. Wapenzi waliokosana tangu wakiwa garini. Na mwenye mbwa mweusi na mweupe: mkulima mstaafu wa Lincolnshire, amepita miaka themanini, na mkewe asiyesikia vizuri. Wamemwachia kijana wao shamba na nyumba. "Nyumba ni yake sasa, na jiko ni la mkewe," alisema mzee, akapaka siagi. Hakuongeza, na sikuhitaji aongeze. Jambo la mkwe na jiko halina tafsiri.

Chakula kikuu kilianza saa saba mchana. Mezani, pembeni ya kila sahani, palikuwa na kitu kama peremende kubwa ya karatasi iliyosokotwa ncha mbili. Tuliambiwa tupishanishe mikono, kila mtu ashike ncha yake na ncha ya jirani, kisha tuvute wote pamoja. Ilipasuka kama fataki. Nilipiga kelele, na nina hakika mtaa wa pili walisikia. Kitu hicho kilibuniwa na mtengenezaji peremende wa London, Tom Smith, katika miaka ya 1840, na ndani yake mna mambo matatu: kidude kisicho na kazi, kichekesho kibovu, na taji la karatasi laini. Kichekesho lazima ukisome kwa sauti na wote lazima wagune. Taji lazima ulivae. Watu wazima kumi na tatu na mtoto mmoja walivaa mataji ya rangi wakaendelea na supu kama hakuna kilichotokea. La kwangu lilikuwa la kijani. Nililiweka juu ya mtandio, na kwa kuwa mtandio una kitambaa kinene lilikataa kushuka. Likasimama wima kama kibanda cha mlinzi. Yule mtoto wa miaka kumi, ambaye tangu jana hakuwa amecheka, alicheka mpaka baba yake akamkanya. Nikalivaa hadi jioni kwa ajili yake.

Bata mzinga alikuja na viazi vya kuokwa, na vikabeji vidogo kama ndimu ambavyo kila mtu alivisema vibaya na kila mtu alivila. Sisi tuliletewa samaki, samoni, kipande kikubwa, naye alikuwa mtamu ingawa hakuguswa na pilipili hata moja. Mwisho taa zikazimwa. Mwenye hoteli akaingia na keki nyeusi ya mviringo inayowaka moto wa buluu. Wameimwagia brandi wakaiwasha kiberiti. Ya kutazama, si ya kula. Tukaitazama vizuri sana.

Saa tisa kamili, mazungumzo yakakatwa katikati. Wote wakahamia sebuleni mbele ya televisheni kumsikiliza Mfalme. Desturi hiyo ilianza mwaka 1932 redioni, na George wa Tano, na tangu 1957 iko kwenye televisheni. Hotuba ilikwisha kwa kama dakika kumi. Nusu ya wasikilizaji walikuwa wamelala, mataji yamewaangukia puani, lakini nadhani wangeamka wote kama mtu angeizima.

Mimi nilikuwa na haraka zangu. Siku za Desemba kule ni fupi kiasi cha kuchanganya ibada: adhuhuri niliisali kabla ya kushuka kula, alasiri iliingia nikiwa bado na samaki, na magharibi ingeingia saa kumi kasoro. Nilipanda ngazi mbiombio. Mdogo wangu alikuwa ametandika shuka lile blanketi likiwa chini yake, maana sakafu ilikuwa barafu. Sasa, mtu wa Tanga akisimama kusali anatazama kaskazini. Makka iko juu yetu kama mstari. Pale simu ilinielekeza kusini-mashariki, kona ya kabati. Nilipomaliza nikabaki nimekaa, nikapiga hesabu ya ramani kama mwalimu. Kona hiyohiyo, kidogo tu kulia, ndiko kwetu. Miaka yangu yote sijawahi kusali nikiwa nimeelekea nyumbani. Nikashuka chini kunywa chai.

Siku ya tarehe 26 Waingereza hutoka nje, wote, kana kwamba wamefunguliwa. Njia za kwenda mlima wa Mam Tor zilijaa watu wa mabuti na mbwa wa kila umbo. Mlima huo una urefu wa mita 517 na unaitwa Mlima Unaotetemeka, kwa kuwa upande wake mmoja haujaacha kuporomoka. Barabara kuu iliyopita chini yake ilitengenezwa na kutengenezwa tena, hadi mwaka 1979 wakainua mikono, ikafungwa moja kwa moja. Sikufika kileleni. Matope yalinishika vifundoni, nikasema salamu zifike.

Tulikwenda badala yake kwenye pango lililo nyuma ya kijiji. Lina jina la heshima la kuandikwa kwenye tiketi, na jina la asili, ambalo kwa Kiswahili cha staha ni Tako la Shetani. Mvua ikinyesha sana, maji yanayokimbia ndani hutoa sauti inayolistahili jina hilo. Geti lilikuwa limefungwa, lakini mzee wa Lincolnshire, aliyekuja nasi pamoja na mkewe kwa ajili ya kumtembeza mbwa, alikuwa ameshaingia miaka ya nyuma. Alitusimulia kwamba mdomo wa pango ni mkubwa kiasi cha kuwa mtaa, na kwa karne kadhaa ulikuwa mtaa kweli: wasokota kamba waliishi humo ndani na familia zao, wakiwauzia wachimba madini ya risasi. Kule Amboni watu huingia pangoni kwa mzimu na maombi. Hawa waliingia kusokota kamba.

"Kamba za nini?" nikauliza. Za hempu, akasema, mmea ulio ukoo mmoja na bangi. Nikamwambia baba yangu alikata mkonge Muheza, miaka ishirini na sita, na mama alikuwa kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, akianika singa. Mzee alisimama. Tulikuwa tumefika kwenye kijilango cha shamba kilichofungwa kwa kamba ya plastiki ya bluu, kama vilivyofungwa vijilango vyote tulivyopita. Akaishika.

"Kabla ya takataka hii," alisema, "tulikuwa na yenu."

Enzi hizo alikuwa kijana. Kamba ya kufungia majani makavu ilikuja kwenye mafundo makubwa, ina harufu ya mafuta, inachoma viganja. Waliifungia majani, malango, suruali, bawaba za milango. Panya waliitafuna. Siku ya mvua waliisokota mara tatu kuwa kamba ya ng'ombe. Mkewe, ambaye nilidhani hasikii, alisema mikono ya mumewe ilinuka mkonge hadi harusini. Kisha ikaja ya plastiki: rahisi, haiozi. "Haiozi kabisa. Ng'ombe wakaila, wakafa."

Nikamwambia mashamba yetu nayo yalikufa kwa hiyohiyo. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Nilipozaliwa mimi, baba alikuwa analipwa kwa kuchelewa, na nilipoingia sekondari hakulipwa. Utaifishaji ulifanya yake, usimamizi mbovu ukafanya yake, lakini mnunuzi aliondoka kwa sababu ya hiki kilichokuwa mkononi mwa mzee. Hakusema pole. Alikaa akiitazama ile kamba, akasema, "Ilikuwa kamba nzuri sana." Nadhani baba angelipenda jibu hilo kuliko pole. Kisha mbwa akaona kondoo, ikabidi sote tukimbie.

Tarehe 27 treni zilirudi. Mtandio wangu ulikuwa umeshachanika kwa uzito wa begi, na mwenye hoteli, alipoliona mapokezini, alikwenda stoo akarudi na kifundo cha kamba ya bluu. Alilifunga begi yeye mwenyewe, goti juu yake, mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, akakaza kwa meno. "Hilo litafika Afrika, bata."

Lilifika. Dar es Salaam uwanjani halikulegea, stendi ya mabasi halikulegea, na Tanga ilibidi shemeji alete kisu. Alitaka kuitupa ile kamba, mama akamzuia, akaivuta, akaipima kwa dhiraa, akaizungusha kidoleni. Sasa inafungia mbuzi wake mwembeni, naye huwaambia wageni kwamba ni ya Ulaya.